Je, wajua kwa nini upinde wa jadi hauhitaji raba za kutuliza mtetemo?

Madukani na mitandaoni zinauzwa raba ndogo za kubandikwa kwenye upinde. Kazi yake ni kumeza ule mtetemo unaobaki mshale ukishatoka. Zimezoeleka kwenye pinde za kisasa zenye magurudumu madogo kwenye ncha, kwa hiyo mtu wa Malindi anayejifunza shabaha kwa upinde mrefu wa mti anaweza kujiuliza: na mimi nizifunge? Hapana. Mtetemo upo, tena mwingine unauma hadi kiwikoni, ila raba inatibu dalili na kuuacha ugonjwa.

Ukivuta upote, yaani uzi wa upinde, nguvu ya mkono wako inawekwa akiba ndani ya mti uliopinda. Ukiuachia, akiba hiyo inagawanywa. Sehemu inachukuliwa na mshale, sehemu inatumika kuukimbiza mbele upote pamoja na pande mbili za upinde, ule wa juu na ule wa chini. Kisha upote unakazika ghafla, pande hizo zinasimamishwa kwa kishindo, na wakati huo mshale umeshaondoka. Nguvu ambayo mshale haukuibeba inabaki hapo hapo kwenye mti, kwenye kishikio na mkononi mwako. Ni sawa na kusukuma kwa nguvu zako zote mkokoteni uliodhani umejaa magunia, kumbe ni mtupu: mkokoteni unaruka mbele, na wewe unapepesuka. Ndiyo maana haifai kabisa kuvuta upote na kuuachia bila mshale. Hapo hakuna wa kuichukua akiba, inaurudia mti wote, na mti unaweza kupasuka palepale.

Mwaka 1943 mwanafizikia wa Marekani, Paul Klopsteg, aliandika jinsi ya kulipigia jambo hili hesabu. Alisema tuuchukulie upinde kana kwamba una uzito wake wa ziada unaosafiri pamoja na mshale, na ambao haubadiliki sana hata ukibadilisha mshale. Tuseme uzito huo ni gramu 20. Ukiweka mshale wa gramu 20, mshale unabeba nusu ya nguvu na nusu nyingine inabaki kwenye upinde. Ukiweka mshale wa gramu 60, mshale unabeba robo tatu, na inayobaki ni robo tu. Upinde ni uleule, umevutwa vilevile, lakini mtikisiko umepungua kwa nusu bila kufunga raba hata moja. Kuna gharama: mshale mzito utakwenda polepole zaidi, kwa mfano huu karibu asilimia 30. Kwa anayelenga hatua ishirini hivi, mimi naona hiyo si hasara ya kumnyima usingizi.

Waliolijua hili kwa vitendo hawako mbali na Malindi. Ukipanda bara kuufuata Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Galana, unaingia katika nchi ya Waata, watu waliosifika kwa kuwinda tembo kwa upinde. Pinde zao zilihitaji nguvu ya zaidi ya pauni 100 kuzivuta, yaani kama kunyanyua kilo 45 na ushei kwa vidole. Mishale yao ilikuwa ya mti na chuma, mizito, na ilipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti. Mwindaji alinyemelea hadi karibu kabisa, hivyo hakuhitaji mshale wa mbio. Alihitaji unaozama. Mshale wa namna hiyo unaondoka na sehemu kubwa ya akiba ya upinde, na mkono unabaki na kidogo sana cha kulalamikia.

Huko Uingereza mambo yalikuwa yaleyale. Meli ya kivita Mary Rose ilizama mwaka 1545, ikaopolewa 1982, na ndani yake zilikutwa pinde ndefu zaidi ya 100, nyingi zikikaribia mita mbili. Nazo ni mti mtupu. Wenye nazo walipiga mishale minene kwa pinde zenye nguvu kuliko anazoweza kuvuta mtu wa kawaida leo.

Sasa turudi kwenye raba yenyewe. Upinde wa magurudumu, ambao Mmarekani Holless Wilbur Allen aliombea hataza mwaka 1966, kwa kawaida una kiwiliwili kizito cha alumini na pande fupi, ngumu, zinazosogea kidogo tu. Ukibandika raba juu yake, hauhisi mzigo. Upinde mrefu wa mti ni mwepesi, na ncha zake husafiri mbali na kwa kasi kubwa. Kila gramu unayoiongeza karibu na ncha inakimbizwa pamoja nazo, kisha inapaswa kusimamishwa. Yaani umeongeza ule uzito wa Klopsteg kwa mkono wako mwenyewe! Ukiibandika karibu na kishikio haitadhuru, lakini hapo mti hausogei sana, kwa hiyo raba haina cha kumeza. Mafundi wazuri hufanya kinyume: wanazichonga ncha ziwe nyembamba kadiri mti unavyostahimili.

Kama umeshaongeza uzito wa mshale na mkono bado unapigwa, tazama uchongaji. Tia upote, simama mbele ya kioo au mwombe mwenzako atazame huku ukiuvuta taratibu. Pande zote mbili, wa juu na wa chini, zinapaswa kujikunja kwa ulinganifu, pasiwe na sehemu iliyokakamaa wala inayokunjika kama bawaba. Upande mmoja ukiwa mgumu kupita mwenzake, haufiki mwisho kwa wakati mmoja nao, na vishindo viwili visivyopatana ndivyo vinavyoumiza zaidi. Dawa ni kukwangua kidogo upande mgumu, tena kwa subira, kwa kuwa mti uliokwanguliwa haurudishiki. Halafu pima nafasi kati ya kishikio na upote: ngumi yenye dole gumba lililosimama, yaani sentimita 15 hadi 18 hivi, kwa kawaida inatosha. Na usiukabe upinde. Ushike kwa ulegevu, kiwiko kikiwa kimelegezwa kidogo.

Wapo wanaofunga vishada vya sufu kwenye upote, na hilo ni jambo jingine: wanatafuta ukimya. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, mshale wa upinde wa mti kama 50. Mnyama aliye mita 20 anausikia mlio wa upote kabla mshale haujafika hata robo ya njia, akashtuka na kuruka. Kwa mwindaji wa nchi nyingine hiyo ni hoja. Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, na gunia la shabaha lililojazwa majani makavu halina masikio.

Lakini upinde uliokuwa mtulivu jana ukianza leo kutikisika au kutoa mlio mpya, usipige tena. Toa upote, pitisha kidole na kitambaa laini tumboni mwa mti (upande unaokutazama wewe) na mgongoni (upande unaotazama shabaha), na utafute nyuzi zilizoinuka au ufa mwembamba.