Filamu za kauboi ambamo kauboi ndiye adui

Mimi ni mhariri wa filamu, na nikiwafundisha vijana habari za kauboi huanza na mfano unaowachanganya. Tuliokulia kwenye vibanda vya video tunajua steringi ni yule mwenye kofia pana, na wenye manyoya kichwani wapo ili waanguke kutoka kwenye farasi. Ujerumani Mashariki waliligeuza hilo chini juu.

Mwaka 1961 serikali ya kikomunisti ilijenga Ukuta wa Berlin ili raia wake wasitoroke. Mwaka uliofuata Ujerumani Magharibi wakaanza kutoa filamu za Winnetou, chifu wa kubuniwa wa Waapache, kutokana na vitabu vya mwandishi Mjerumani Karl May. Watu wa Mashariki hawakuweza kuvuka kwenda kuzitazama, lakini Prague, mji mkuu wa Chekoslovakia ya kikomunisti, walifika, na huko wakazifuata. Kukataza kungewazidishia hamu tu. Basi DEFA, studio ya serikali pale Babelsberg, ikaamua kupika ya kwao.

Ya kwanza, "Die Söhne der großen Bärin" (Wana wa Dubu Jike Mkuu), ilitoka 1966. Wadakota, Wahindi Wekundu wa Marekani, ndio wenye haki, na mzungu mwenye uchu wa dhahabu ni bepari aliyepanda farasi. Mwanzoni kabisa Mattotaupa, mzee wa Kidakota, anaonekana baa akiwa na dhahabu. Red Fox, yule mzungu, anataka kujua imetoka wapi. Mzee hasemi, anauawa. Dakika chache tu, na somo zima la siasa limeshaingia bila hotuba. Kama mhariri, hapo navua kofia.

Dakota yenyewe wangeipata wapi? Walipiga picha katika milima ya Yugoslavia, chini ya mwongozaji Mcheki, Josef Mach. Steringi alikuwa Gojko Mitić, Mserbia aliyekuwa ameshacheza nafasi ndogo katika zilezile filamu za Magharibi. Kijerumani chake kikaingizwa na sauti ya mtu mwingine. Filamu yao nyingine, "Osceola" ya 1971, ilihitaji Florida, wakaenda Kuba na Bulgaria. (Florida halisi ilikuwa ng'ambo tu ya maji.)

Lakini sehemu ninayoirudia darasani ni mwisho wa ile ya kwanza. Tokei-ihto, mtoto wa Mattotaupa, anawatoa watu wake kwenye eneo walilotengewa, wanavuka mto Missouri wakitafuta ardhi ya kuishi huru. Kisha anatangaza watakayoyafanya huko: kulima, kufuga nyati, kufua chuma, kutengeneza plau. Kwa nchi iliyojiita dola ya wafanyakazi na wakulima, maneno hayo yalikuwa matamu mno, na nahisi hayo ndiyo yaliyoifunika picha yenyewe. Maana picha ni ya watu wanaotoroka kwa kuvuka mto, wakati Berlin waliojaribu kuogelea mto Spree walikuwa wakipigwa risasi. Ziliuzwa tiketi zaidi ya milioni 9, katika nchi ya watu wapatao milioni 17.