Mtumba si feki

Wiki iliyopita nilikuwa Kabwe, hapa Mbeya, dukani kwa rafiki yangu anayeuza na kutengeneza mashine za gemu, mama mmoja akaingia kumtafutia mwanawe CD ya gemu ya mpira ya mashine ya PS4. Kijana wa dukani akamtolea moja, akamtajia bei, akaongeza kwa uaminifu: "Hii ni mtumba, mama, ila ni nzima." Mama akairudisha mezani. "Mwanangu, mimi feki sitaki." "Siyo feki, mama, ni mtumba." "Si ndiyo hilo hilo?"

Hapana, siyo hilo hilo. Nimelisikia kosa hili Mwanjelwa, nimelisikia Mafiati, na kila mara anayeumia ni muuzaji aliyesema kweli.

Gemu ya mtumba ni nakala iliyotoka kiwandani kwa idhini ya mwenye gemu, mtu akainunua, akaicheza, kisha akaiuza kwa mwingine. Maana yake ni hiyo tu.

Neno lenyewe halikuanza na uchakavu. Zamani mtumba ulikuwa mzigo uliofungwa, robota la nguo au bidhaa, kama ile waliyobeba wapagazi wa misafara. Nguo ndani ya mtumba zingeweza kuwa mpya kabisa. Neno lilitaja namna zilivyofungwa. Nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zilipoanza kuletwa zikiwa zimefungwa vivyo hivyo, jina la mzigo likahamia kwenye nguo. Leo mzigo umeshapata jina lingine, belo, na mtumba umebaki kuwa shati. Wazee walikuwa na jina kali zaidi, "kafa Ulaya", yaani mwenyewe wa kwanza hayupo tena. Ukiyatazama majina yote mawili, moja linasema mali ilikuja imefungwaje, jingine linasema ilikuwa ya nani. Hakuna linalosema imeghushiwa.

Na sisi wa Mbeya tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Baridi ya Juni na Julai tunaivuka kwa makoti na masweta ya mtumba. Belo likifunguliwa asubuhi watu wanasukumana kupata kamera, ile nguo ya kwanza kabisa kwa ubora, na wengi watakwambia koti la mtumba linashinda jipya la dukani kwa kudumu. Hakuna anayeliita feki. Kwa nini basi CD?

Nadhani tatizo lilianzia enzi za PS2, mashine ya zamani. Mashine zilifunguliwa zikarekebishwa ili zisome CD za kuchoma, yaani nakala zilizotolewa kwa kompyuta kwenye CD tupu, na CD hizo zikajaa mitaani, kava yake karatasi iliyotolewa kopi. Hiyo ndiyo feki: mtu kanakili kazi ya mwenzake bila ruhusa, na mwenye gemu hakupata hata shilingi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia, na kunakili namna hiyo ndiko inakokukataza. Ukitaka kuitambua, geuza CD juu chini kwenye mwanga wa dirisha. DVD iliyochomwa mara nyingi ina rangi ya zambarau kwa chini. Ya kiwandani inang'aa kama fedha, na kama ni mtumba huenda ukaona michirizi myembamba inayozunguka. Michirizi hiyo ni alama ya matumizi. PS4 yenyewe haichezi gemu kutoka kwenye diski ya kuchoma, kwa hiyo kumwambia mtu CD yake ya PS4 ni feki wakati inacheza mbele yako ni kumwonea.

Wako wanaosema mtumba nao ni wizi, maana mtengenezaji halipwi mauzo ya pili. Ni kweli halipwi. Lakini fundi seremala naye halipwi kabati lake likiuzwa mara ya pili. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mchapishaji aliyeandika ndani ya kitabu kwamba kukiuza chini ya dola moja ni kuvunja hakimiliki. Duka la Macy's likakiuza kwa senti 89, na mchapishaji akashindwa. Ukishauza nakala, nakala ile si yako tena. Japani wenye gemu walipeleka shauri kama hilo mahakamani kuhusu CD zilizotumika, wakashindwa mwaka 2002. Microsoft nao walitangaza Juni 2013 masharti ya kubana uuzaji wa gemu zilizotumika kwa mashine yao ya Xbox One. Wateja wakaja juu, na Juni hiyo hiyo masharti yakafutwa.

Kuna upande mmoja ambako neno mtumba kweli halifai, na huko ndiko vijana wanalitumia: "nauza akaunti ya mtumba, ina gemu kumi." Gemu uliyopakua mtandaoni kwenye akaunti yako hukuuziwa kitu cha kushika. Umepewa leseni, yaani ruhusa ya kuitumia wewe, kama leseni ya udereva ambayo huwezi kumuuzia jirani ukichoka kuendesha. Ufaransa walijaribu kuipinga hali hiyo. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ilisema gemu za Steam, duka la gemu la mtandaoni, ziruhusiwe kuuzwa tena, na mwaka 2022 mahakama ya rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mimi binafsi naona mnunuzi ameonewa hapo, lakini ndivyo ilivyo kwa sasa.

Mama yule nilimwamkia, nikamgeuzia ile CD dirishani aione michirizi. Nikamwambia: mama, ukitaka kujua kama imetumika, uliza, "Ni mtumba?" Ukitaka kujua kama ni feki, uliza, "Ni ya kiwandani au imechomwa?" Hayo ni maswali mawili, na kijana alikuwa ameshakujibu la kwanza kabla hujauliza.