"Piece of cake" haikutoka kwenye ngoma ya watumwa

Wiki iliyopita nimetumiwa tena ule ujumbe. Safari hii ulikuja kwa sauti, kwenye kundi la WhatsApp la wafasiri, ukifuatwa na vikaragosi vya machozi. Unadai kwamba Mwingereza akisema "piece of cake", yaani kipande cha keki, kwa maana ya kazi nyepesi, anawakumbusha watu weusi wa Marekani utumwa wao, kwa kuwa watumwa walichezeshwa ngoma ili washindanie keki. Kwa hiyo tuuache usemi huo. Nimeshalijibu jambo hili darasani, kwenye simu, na mara moja harusini, sahani ya pilau mkononi. Leo naliandika.

Wanaousambaza wana nia njema, nalikubali hilo. Wanataka kuwaheshimu waliotendewa unyama. Lakini kisa hiki kinawavunjia heshima watu haohao, na ndiyo maana sinyamazi.

Ngoma yenyewe ilikuwepo kweli. Iliitwa "cakewalk", mwendo wa keki. Katika mashamba makubwa ya kusini mwa Marekani, karne ya 19, watumwa waliicheza wawili wawili, mwanamume na mwanamke, kifua mbele, mgongo umepinda nyuma, miguu ikirushwa juu. Walikuwa wanaiga maringo ya mabwana na mabibi zao kwenye dansi za ukumbini. Jozi iliyowashinda wenzake ilipewa keki. Simulizi za waliotoka utumwani zinasema mabwana walikaa pembeni wakifurahia onyesho, bila kung'amua kwamba wanaochezwa shere ni wao. Hebu lifikirie hilo kidogo. Mtu asiye na haki hata juu ya mwili wake anamdhihaki mmiliki wake mbele ya macho yake, naye mmiliki anamtuza keki! Huo ni ufundi mkubwa, na ni ujasiri. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865 ngoma haikufa. Mwaka 1898 ilifika kwenye majukwaa ya Broadway, New York, na mwaka 1903 Bert Williams na George Walker, wasanii weusi wote wawili, waliipeleka London hadi ndani ya kasri la Buckingham.

Sasa mtu anachukua yote hayo na kuniambia kwamba maana yake ni "kazi nyepesi". Nyepesi kwa nani? Kajaribu kuinua magoti hivyo, mgongo umepinda, bila kupoteza mdundo, halafu uniambie.

Tuje kwenye tarehe, maana asili ya usemi bila tarehe ni ngano. Anayetafuta asili ya usemi anatafuta mahali pa kwanza ulipoandikwa. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilijengwa hivyo: wasomaji wa kujitolea walinakili sentensi kwenye vikaratasi, kila kimoja na mwaka wake, na maelfu kwa maelfu ya vikaratasi hivyo ndiyo msingi wa kamusi. Kwa "piece of cake" yenye maana ya jambo jepesi, ushahidi wa mapema unaotajwa kwa kawaida ni ubeti wa mshairi Mmarekani Ogden Nash, katikati ya miaka ya 1930. Hesabu mwenyewe: miaka sabini hivi baada ya utumwa kukomeshwa. Usemi uliozaliwa mashambani ungekuwa umejificha wapi muda wote huo?

Walioutia nguvu ni marubani wa jeshi la anga la Uingereza katika Vita vya Pili. Rubani akirudi kutoka hatarini, akiulizwa mambo yalikuwaje, alijibu "piece of cake", na mara nyingi hakukuwa na wepesi wowote. Mmoja wao ni Roald Dahl, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa watoto. Vita vilipoanza mwaka 1939 alikuwa Dar es Salaam akifanya kazi ya kampuni ya mafuta. Akasafiri hadi Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Mwaka 1940 ndege yake ilianguka katika jangwa la Afrika Kaskazini, akaumia vibaya kichwani. Hadithi aliyoiandika kuhusu ajali hiyo aliipa jina "A Piece of Cake".

Kuna hoja nyingine ambayo sijasikia mtu akiigusa, nayo imo ndani ya usemi wenyewe. Mshindi wa cakewalk alipewa keki, nzima. Usemi unataja kipande. Kipande ni cha kuliwa. Wamarekani walikuwa tayari na mazoea haya: tangu miaka ya 1880 hivi walitumia "pie", ile keki ya unga yenye matunda au nyama ndani, kwa jambo la kupendeza au jepesi, na mpaka leo wanasema "easy as pie". Kuipika ni kazi ya nusu siku. Wepesi unaotajwa ni wa kuila. Nasi tuna mlango huohuo tunaposema kitu ni rahisi kama kunywa maji. Kwa maoni yangu "piece of cake" ilipita hapo, mdomoni, na haikuhitaji ngoma yoyote. Nasema kwa maoni yangu kwa sababu hakuna kikaratasi kinachomwonyesha mtu wa kwanza akieleza kwa nini kasema hivyo. Atakayekuletea jibu kamili, mwombe mwaka.

Neno "cakewalk" ni kesi tofauti, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Hilo linatokana na keki ya mashindano, na kabla karne ya 19 haijaisha lilishatumika pia kwa ushindi usio na jasho. Namna mchezo mgumu ulivyogeuka jina la wepesi bado inabishaniwa. Huenda watazamaji waliona madaha tu, wakakosa kuona kazi iliyo nyuma yake. Mimi neno hilo silitumii kwa maana ya wepesi, na sababu nimeshaitoa: walioicheza walikuwa mafundi.

Misemo mingine ya wepesi naipitia mbiombio. "Bob's your uncle", Bob ni mjomba wako, husemwa kuwa ulitokana na Waziri Mkuu wa Uingereza Robert Cecil (Bob ni kifupi cha Robert) kumpa mpwa wake Arthur Balfour uwaziri wa Ireland mwaka 1887. Uteuzi ni wa kweli, lakini usemi unaanza kuonekana kwenye maandishi miaka ya 1920. "A cinch" ni mkanda wa tandiko la farasi, kutoka Kihispania "cincha". Ukiubana sawasawa tandiko haliponyoki, ndiyo maana neno lilikuwa na maana ya uhakika kabla ya wepesi. "Plain sailing" ni hesabu za mabaharia wanaochora njia kana kwamba bahari ni bapa. "Child's play", mchezo wa mtoto, ni wa kale kuliko yote niliyoyataja: mshairi Mwingereza Chaucer aliutumia karne ya 14, tena kwa kukanusha, akisema kuoa bila kutafakari si mchezo wa mtoto.

Hapo kwenye kukanusha ndipo nilipogutuka siku moja nikiwa katikati ya tafsiri. Sisi tunasema nini? Maisha si lelemama. Kazi hii si lelemama. Ni nadra sana kumsikia mtu akisema jambo fulani ni lelemama. Na lelemama ni nini? Ni ngoma ya wanawake wa pwani! Mjini Mombasa vikundi vyake vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa mashairi ya mafumbo ya kumwumbua mpinzani, na kina mama walitumia fedha na miezi ya maandalizi ili wasishindwe. Ngoma ya mashindano, yenye ufundi na dhihaka, imegeuka kipimo cha wepesi. Ni njia ileile ya "cakewalk", ng'ambo ya pili ya dunia, na hakuna aliyemwiga mwenzake.

Wapo wanaonieleza kwamba ni kwa sababu mwendo wa lelemama ni wa taratibu. Naelekea kukubali, lakini nikiwadai wengine tarehe sina budi kujidai mwenyewe. Basi kama bibi yako wa Lamu, Mombasa au Unguja aliicheza, muulize kama enzi zao watu walisema "si lelemama", kwa jambo gani, na mwaka gani. Niandikie hapa chini, hata kama ni sentensi moja.