Je, wajua kwa nini taa ya ABS huwaka na breki bado zinashika?

Ukikanyaga breki, kinachosukuma pedi ni mafuta ya breki, ABS iwe nzima au mbovu. Kazi ya ABS ni kusoma mwendo wa kila gurudumu na kulegeza presha pale ambapo gurudumu linataka kukwama. Ikikosa taarifa ya gurudumu moja tu, kompyuta yake hujitoa kazini na kuwasha taa ya njano. Taa nyekundu ya breki ikiwaka nayo, simamisha gari kwanza.

Hapa Goma watu hukimbilia kununua kompyuta ya ABS, ilhali ugonjwa mara nyingi uko kwenye gurudumu. Kwenye mitaa ya mawe ya lava, waya wa sensa ya mbele, yaani kifaa kinachosoma mwendo wa gurudumu, hupindwa kila tairi linapopanda jiwe na kila usukani unapokatwa. Nyuzi za shaba hukatika ndani huku mpira wa nje ukionekana mzima kabisa.

Tazama taa inawaka lini. Ufunguo ukifunguliwa, huwaka sekunde chache ikijipima, kisha huzimika. Isipozimika, shuku fyuzi, plagi au waya uliokatika. Ikizimika na kurudi gari likishatembea, shuku ishara dhaifu: unga wa chuma umeganda kwenye sensa, meno ya pete inayozunguka na gurudumu na kusomwa na sensa yamevunjika, au beringi imelegea. Betri dhaifu pia huiwasha, kwa hiyo pima volti mapema.

Kwenye Toyota nyingi, ukiunganisha tundu la 4 na la 13 la plagi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi na kufungua ufunguo, taa hupepesa namba: 31 ni gurudumu la mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Namba hukuonyesha gurudumu tu. Haisemi kwamba sensa ndiyo imekufa.

Sasa chukua multimita. Sensa ya zamani, yenye koili, chomoa plagi yake ufunguo ukiwa umefungwa, upime omu (ukinzani wa umeme). Nyingi husoma kati ya 800 na 2000. Linganisha na ya upande wa pili. Isiposoma chochote, imekatika. Pima huku ukitikisa waya polepole kuanzia kwenye habu hadi kwenye bodi, maana hapo ndipo mkatiko uliojificha hujitokeza. Kisha weka mita kwenye volti za AC, uzungushe gurudumu kwa mkono: volti zipande kadiri unavyoongeza kasi.

Sensa za kisasa usizipime kwa omu, hutapata jibu la maana na unaweza kuziharibu. Fungua ufunguo, pima kama umeme unafika kwenye plagi upande wa gari. Ukibadilisha beringi yenye sumaku ya kusomwa na sensa, hakikisha upande wa sumaku unaelekea sensa. Ikigeuzwa, sensa haisomi kitu.

Kuna dalili moja ambayo huenda isiwashe taa: pedali kutetemeka gari linapokaribia kusimama kwenye barabara kavu. Ishara ya gurudumu moja imefifia mapema, na kompyuta inadhani limekwama. Safisha ncha ya sensa, na ukwangue kutu iliyoota chini yake, kwa sababu kutu hiyo huisukuma mbali na pete.