Mhunzi wa Riwaya Yangu Hataokota Upanga wa Mizimu

Sehemu ya 12 ya riwaya yangu ya njozi imewakera baadhi ya wasomaji. Walitarajia kijana wangu, mhunzi anayedharauliwa na mji mzima, aokote upanga wa mizimu pangoni awafyeke adui zake. Mimi nimemweka mbele ya fuawe, chuma kizito cha kufulia vyuma vingine, sura nzima, akivunja visu. Leo naeleza kwa nini, maana nilikuwa mhunzi kabla sijashika kalamu. Karakana yangu iko Moshi mjini, lakini ufundi niliupata kwa babu, huko Mamba, jirani na Marangu, ambako hadi leo utakuta wahunzi wanaofukuta moto kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi.

Dharau kwanza. Riwaya nyingi za aina hii humfanya fundi achekwe kwa kuwa hana nguvu za ajabu kama wenzake. Wanamcheka, anaonyesha uwezo wake, wanafunga midomo. Kicheko hicho mimi sikiamini. Mtu anayekutengenezea silaha humcheki hivihivi.

Watazame Wamaasai. Wana wahunzi wao, Ilkunono, ambao tangu zamani ndio waliowafulia morani mikuki na sime. Hao hao walitengwa: koo nyingine hazikuoana nao. Moran akienda kuchukua mkuki uliotoka mkononi mwa mhunzi, alijipaka mafuta kiganjani kwanza ndipo aushike, asipatwe na unajisi. Hebu fikiria. Chombo anachokitegemea simba akimjia, anaogopa kukigusa kwa mkono mkavu! Hapo pana riwaya nzima, na hakuna aliyecheka.

Uchaggani hali ilikuwa nyingine kidogo. Babu aliheshimiwa, ila heshima yenyewe ilikuwa na woga ndani yake, kwani laana ya mhunzi, anayoitoa kwa nyundo yake, watu waliiogopa kuliko matusi ya mtu mwingine yeyote. Na ukivuka kwenda Ugweno, kwenye milima ya Upare Kaskazini, utaambiwa kwamba ukoo wa wahunzi, Washana, ndio uliotawala huko kabla ukoo wa Wasuya haujaupindua. Mwanahistoria Isaria Kimambo ameieleza vizuri habari hiyo. Kwa hiyo ukikutana na mtu aitwaye Mshana, jina lake limebeba nyundo na kiti cha utawala kwa pamoja.

Ndiyo maana mji wa riwaya yangu haumcheki kijana. Mchana unampisha njia, usiku unamgongea mlango wa nyuma kuagiza mapanga.

Sasa kazi yenyewe. Kosa linaloniumiza zaidi ni lile la shujaa kuyeyusha chuma kikawa kama uji, akakimimina kwenye umbo la upanga. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Tanuri za udongo za mababu, kwa mkaa na mivukuto, hazikukiyeyusha namna hiyo, wala hazikuhitaji. Kilichotiririka ni mavi ya chuma, yaani taka za mawe yake zilizoyeyuka. Chuma chenyewe kilibaki donge lenye matundu kama sifongo, ambalo mhunzi alilipasha na kulipiga, akalipasha tena na kulipiga, hadi taka zikalitoka na donge likashikamana. Mwandishi akiruka kipigo hicho ameruka jasho lote la mtu wake.

Halafu kuna kukichovya chuma kikiwa cha moto ili kikomae, yaani kiwe kigumu. Kisu cha kwanza nilichojaribu kukikomaza peke yangu nilikifua kutokana na springi ya gari, chuma kizuri chenye kaboni ya kutosha. Nondo ya ujenzi haina kaboni hiyo, ukiichovya haikomai vya kutosha. Nilikipasha hadi kikawa chekundu, nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji baridi. Nikasikia mlio mdogo, *ti!*, kama kijiti kinavunjika. Nilipokitoa nikaona mstari mwembamba kama unywele umekatiza kutoka kwenye makali hadi mgongoni. Nikakigonga kidogo kwenye fuawe, kikawa vipande viwili. Babu aliviokota, akatazama mvunjiko, akanionyesha: chembe zake zilikuwa kubwa, zinameta kama sukari. Nilikuwa nimekipasha kupita kiasi, kisha nikakipoza kwa ghafla mno.

Siku hizi natumia sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Nakiacha kipate moto kidogo zaidi ya hapo, nakichovya kwenye mafuta. Kikitoka ni kigumu lakini kinavunjika kama kioo, kwa hiyo nakisugua ubavu mpaka ung'ae, nakirudisha kwenye moto mdogo nikikodolea macho rangi. Inakuja njano ya nyasi kavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Njano inafaa wembe. Panga la kukatia kuni nalisubiri lifike zambarau au buluu, ili lisikatike likigonga fundo. Kati ya rangi moja na nyingine ni muda mfupi sana. Mtu akikuita hugeuki.

Huo ndio uwezo wa kijana wangu. Babu alisema kazi hii inafanywa gizani au kivulini, kwa sababu juani rangi ya chuma inakudanganya, nami nikaona sababu ya karakana ya kijana wangu kuwa na giza na ya watu wa mji kunong'ona kuhusu giza hilo. Wanachokiona wao ni uchawi, naye anasoma rangi. Nikimpa upanga wa mizimu, nitakuwa nimewapa haki wanaonong'ona.

Kwa hiyo anaharibu visu vitatu katika sehemu ya 12. Cha kwanza maji yamekipasua. Cha pili kimepinda kwa kuchovywa upande. Cha tatu kimefika buluu wakati mwenyewe alitaka njano, kwa sababu aligeuka mara moja tu aliposikia hodi.

Sehemu ya 13 nimefika nusu. Aliyebisha hodi ni binti wa mtawala, amekuja kuchukua kisu cha nne, na kiganja alichonyoosha hakina mafuta.