Mbwa wa Kuokolewa na Hofu ya Kuachwa Peke Yake: Yanayosemwa na Ukweli Wenyewe

Ukishamchukua tu mbwa kutoka kituo cha kuokoa wanyama, ushauri unaanza kumiminika, jirani anajua, shemeji anajua, kila mtu aliwahi kufuga, na sehemu kubwa ya ushauri huo kwa mbwa mwenye hofu ya kuachwa peke yake inaharibu kuliko kusaidia. Naandika hizi dhana manake inaniuma kuona mbwa anarudishwa kituoni kwa tatizo linalotibika, na ukifuatilia unakuta mwenye mbwa alijitahidi sana tu ila kwa maelekezo mabovu.

Dhana: "Anakukomoa kwa sababu umemwacha"

Ukirudi ukakuta mto umechanwa vipande na mlango umekwanguliwa, ni rahisi kuona kama ni kisasi. Sio kisasi jamani, ni kiwewe. Mwili wake umeingia kwenye hali ya hatari, moyo unaenda mbio, anahema, udenda unamtoka, anazunguka chumba kizima bila kutulia, wengine wanajikojolea kabisa, na ndo maana uharibifu mwingi unaukuta mlangoni na madirishani, yaani pale pale ulipotokea wewe, anatafuta njia ya kukufuata.

Halafu watu wanasema "mbona nikirudi anainamisha kichwa, si anajua kosa lake?" Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa chuo cha Barnard, Marekani, alilipima hili. Mbwa walikatazwa kula kitu, mwenye mbwa akatoka chumbani, akirudi anaambiwa mbwa wako amekula au hajakula, na saa nyingine anachoambiwa sio kweli. Kilichoonekana ni kwamba ule uso wa mkosaji ulitokea zaidi pale mbwa alipogombezwa, iwe alikula au hakula. Kwa hiyo unachokiona ni mbwa anayesoma hasira yako. Ukimgombeza kwa jambo lililotokea masaa mawili nyuma hawezi kuliunganisha, anachojifunza ni kuogopa na kurudi kwako pia, sasa ana hofu mbili badala ya moja.

Dhana: "Kila mbwa anayelia ukiondoka ana tatizo hili"

Hapana, na hapa ndo pa kuanzia kabla hujafanya kitu kingine chochote. Tegesha simu ya zamani au kamera yoyote irekodi, kisha toka. Mbwa aliyeboreka mara nyingi analala kwanza, baadaye anaamka anatafuta kiatu cha kutafuna akiwa ametulia kabisa. Mwingine anabwekea kelele za nje tu, zikipita ananyamaza. Mwingine hajafundishwa bado wapi pa kujisaidia, au ana maambukizi kwenye njia ya mkojo, huyo anahitaji daktari wa mifugo na sio mafunzo. Mwenye hofu yenyewe anaanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza, wengine hata hujamaliza kufunga mlango, na chakula hata kiwe kitamu namna gani hakigusi.

Pia mbwa aliyefika juzi, nyumba ngeni, harufu ngeni, watu wageni, kulia kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Usimuache masaa nane siku ya pili ya maisha yake mapya halafu ukashangaa.

Dhana: "Mwache alie, atazoea"

Hii ndo mbaya kuliko zote na ndo inayosemwa sana. Wanaoisema wanaona mbwa amenyamaza baada ya muda wanadhani amezoea, kumbe amechoka tu, na kesho anaanza akiwa na hofu zaidi ya jana kwa sababu ameshahakikishiwa kwamba mlango ukifungwa mambo yanakuwa mabaya. Hofu haifanyi kazi kama tabia ya utundu, mtu anayeogopa urefu ukimning'iniza ghorofani kila siku hatozoea, atakuchukia wewe na ghorofa lako.

Kinachofanya kazi ni kinyume chake kabisa: unaondoka kwa muda mfupi kiasi kwamba hofu haijapata nafasi ya kuamka, unarudi, unarudia. Kwa wengine muda huo ni dakika tano, kwa wengine ni sekunde tatu, na kwa wengine hata kutoka hutoki, unashika tu kitasa cha mlango unarudi kukaa. Unasoma mwili wake kwenye kamera, akikodolea mlango macho, akilamba lamba midomo, akipiga miayo bila usingizi, akianza kuhema, hapo umeshafika ukingoni, rudi, na safari ijayo punguza. Akiwa amelala kalegea kabisa ongeza kidogo. Usiongeze kila mara, changanya, mara sekunde ishirini mara tano mara thelathini, ili asijifunze kwamba kila ukitoka inakuwa ngumu zaidi. Wengi wakishaweza kukaa kama dakika 40 wakiwa wametulia unaweza kuanza kupiga hatua kubwa kubwa, manake sehemu ngumu ni ule mwanzo.

Funguo, viatu na begi nazo zina ujumbe wake. Mbwa anajua ukishika funguo unaondoka na hofu inaanza hapo hapo kabla hata hujasimama. Chukua funguo kaa usome gazeti, vaa viatu uende jikoni, mpaka vile vitu visiwe na maana yoyote. Ila usianze na vyote kwa pamoja, kama begi peke yake linamtetemesha liache kwanza, fanyia kazi mlango.

Na sasa sehemu ambayo watu hawapendi kuisikia: wakati unafanya mafunzo haya asiachwe peke yake zaidi ya anavyoweza. Asubuhi unamfundisha sekunde thelathini halafu unaenda kazini masaa tisa, yale masaa tisa yanafuta kila kitu. Najua ni ngumu. Lakini wengi wa mbwa hawa hawahitaji wewe tu, wanahitaji binadamu yeyote awepo, kwa hiyo bibi yuko nyumbani mchana, rafiki anayefanyia kazi kwake, jirani mstaafu, mtu wa kulipwa, kwenda naye kazini siku zinazowezekana, unapanga ratiba kama ya mtoto mdogo. Kama umepanga kuchukua mbwa na una likizo, itumie kuanza haya mafunzo taratibu, usiimalize yote umekaa naye bega kwa bega halafu Jumatatu ukatoweka.

Dhana: "Mfungie kwenye kizimba, au mvalishe kola ya kuzuia kubweka"

Kizimba ni kizuri kwa mbwa anayekipenda, anayeingia mwenyewe kulala mlango ukiwa wazi. Kwa mwenye kiwewe ukifunga mlango umemuongezea hofu ya kunaswa juu ya ile ya kuachwa, na wapo wanaovunja meno na kung'oa kucha wakijaribu kutoka. Wengi wanatulia zaidi wakipewa chumba au nyumba nzima. Kola ya shoti sitaki hata kuizungumzia sana, unampiga mnyama shoti kwa sababu anaogopa, kelele zinaweza kupungua na hofu ikabaki pale pale au ikapanda.

Dhana: "Umemdekeza, ndo maana"

Kulala naye kitandani hakuleti ugonjwa huu, kumbembeleza hakuleti. Hofu ni hisia, sio tabia unayoilipa ikazidi, huwezi kumfanya mtu aogope zaidi kwa kumfariji. Kwa hiyo ile sheria ya kumpuuza mbwa dakika kumi na tano kabla ya kutoka na dakika kumi na tano baada ya kurudi sioni sababu ya kuishika. Muage kawaida, msalimie kawaida. Mbwa aliyeokolewa anahitaji kujua kuna mtu wa kumtegemea, hiyo ndo inampa ujasiri wa kukaa mwenyewe baadaye.

Dhana: "Mletee mwenzake"

Mara nyingi haisaidii, anayemkosa ni binadamu. Chukua mbwa wa pili kwa sababu unamtaka mbwa wa pili.

Dhana: "Mchoshe kwa mazoezi, muachie midoli yenye chakula, basi"

Matembezi na kunusa nusa huko nje ni haki yake na mbwa aliyetumia akili na miguu anatulia kirahisi. Ila uchovu hautibu kiwewe, mtu amechoka hoi bado anaweza kuogopa. Midoli ya chakula nayo ina mtego wake: anakula, anasahau, chakula kinaisha, anainua kichwa haupo, hofu inalipuka pale pale, na baada ya muda ule mdoli wenyewe unakuwa ishara kwamba unaondoka. Mpe pia ukiwa upo nyumbani umekaa.

Dhana: "Dawa ni za kumlaza tu, au ni kwa walioshindwa"

Kuna dawa za kumfanya mbwa alegee, kama asepromazini, na kwa tatizo hili hazifai zikiwa peke yake kwa sababu mwili unalegea hofu ikabaki ndani. Dawa za wasiwasi ni kitu kingine. Marekani, mamlaka ya dawa FDA iliidhinisha klomipramini kwa tatizo hili hili la mbwa mwaka 1998, na fluoksetini mwaka 2007, zote zitumike pamoja na mafunzo. Hazimfanyi zezeta, zinashusha hofu mpaka kiwango ambacho anaweza kujifunza. Zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, usikate tamaa wiki ya kwanza na usizikatishe ghafla bila daktari wa mifugo, na kamwe usimpe vidonge vyako wewe kwa kukadiria. Kama mbwa anajiumiza, nenda kwa daktari mapema, usisubiri mpaka ujaribu vingine vyote.

Dhana: "Wiki mbili tatu atakuwa sawa"

Wapo, lakini kwa hofu kamili hesabu miezi, na haipandi kama ngazi. Wiki hii amekaa dakika ishirini kalala fofofo, wiki ijayo radi imepiga au umehamisha fenicha na dakika tano zinamshinda. Ikitokea hivyo hujarudi mwanzo. Angalia video zako za nyuma, tafuta muda wa mwisho aliokaa akiwa ametulia kweli, kata nusu, na kesho uanzie hapo.