Gamba la kobe si nyumba

Mtu akiletewa kobe humwachia uani na kusema, "Huyu ana nyumba yake mgongoni, anataka nini tena?" Gamba si nyumba. Ni mfupa ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, wenye damu na mishipa ya fahamu. Ukilitoboa upitishe kamba, unamuumiza. Wala halimkingi na joto: mwili wake hufuata hali ya hewa, na jua la saa saba mchana pasipo kivuli laweza kumuua.

Anachohitaji ni kiwanja. Apate jua lenyewe, si la kupitia dirishani, maana kioo huzuia miale inayomtengenezea vitamini D. Akiikosa, gamba hulainika. Awe na kichaka cha kujificha, udongo wa kufukua, na nyasi za kula (ugali mwachie mbwa). Uzio uwe wa mbao au matofali. Wavu unaoonyesha ng'ambo atausukuma kutwa. Maji yawe kwenye sahani isiyo na kina, kwani kobe wa nchi kavu hajui kuogelea.

Na kibali cha kumfuga je, unacho? Kenya na Tanzania kobe ni mnyamapori, hata kama ulimwokota barabarani.